Masikio hayana spea: Nunua hedifoni kwa akili

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji ya kunywa, vyoo, kunawa mikono na usafi wa meno. Leo nataka kutoa maoni yangu juu ya kitu kidogo ambacho pengine kipo mfukoni mwako sasa hivi, au kipo masikioni mwa mwanao wakati wewe unasoma gazeti hili. Nazungumzia vidude vya kusikilizia: vile vidogo vya kuchomeka sikioni ambavyo vijana wanaviita iafoni, na vile vikubwa vya kuvaa kichwani viitwavyo hedifoni.

Huenda ukauliza, haya yana uhusiano gani na safu ya afya na usafi? Si ni mambo ya mafundi simu na vijana wa muziki? La hasha. Kitu chochote kinachoingia ndani ya mwili wa mtu kwa saa nne au tano kila siku ni jambo la afya. Na kitu kinachoingia katika tundu lenye unyevu, kikatoka, kikatupwa mfukoni pamoja na noti na funguo, kisha kikaazimwa na mwenzako, hicho ni jambo la usafi.

Kijana wa mtaani kwetu

Nianze na kisa cha kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Mwanza. Umri wake wakati ule ulikuwa miaka 19. Mchana alikuwa akifanya kazi katika karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Jioni, baada ya Magharibi, alikuwa akihudhuria darasa la kusoma Qur'an pamoja na wenzake.

Anayeijua karakana ya kuchomelea anajua kelele zake. Ile mashine ya kukatia chuma ikianza kulia, watu wawili waliosimama bega kwa bega hawasikilizani. Kijana huyu naye alikuwa na dawa yake. Alichomeka iafoni aliyonunua barabarani kwa shilingi 3,000, akapandisha sauti ya simu hadi mwisho ili muziki au mawaidha yashinde kelele ya mashine. Hivyo alishinda, siku sita kwa wiki.

Baada ya muda ustadhi wake alianza kumlalamikia. Alikuwa akirekebishwa sin anasoma shin, akiambiwa thaa anarudia sin. Ustadhi aliona ni uzembe, akamkemea mbele ya wadogo zake. Kijana akaona haya, akapunguza kuhudhuria. Nyumbani nako mama yake alidhani ni kiburi, kwa maana akiitwa kutoka jikoni haitiki. Usiku akilala anasikia mlio mwembamba ndani ya sikio, kama wa nyenje, ambao haukomi.

Hatimaye alipelekwa hospitali, akapimwa usikivu. Akaambiwa kwamba sauti nzito anazisikia vizuri, lakini sauti nyembamba zimepungua katika masikio yote mawili. Alipouliza dawa, daktari alimjibu kwa upole kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Kinachowezekana ni kulinda kilichobaki.

Ndugu msomaji, hakuwa mzembe wala mwenye kiburi. Alikuwa hasikii. Na hakuna aliyelijua hilo, hata yeye mwenyewe.

Sikio linavyoharibika

Ili tuelewane, inafaa tujue sikio linavyofanya kazi. Sauti huingia kupitia tundu la sikio na kupiga ngoma ya sikio. Ngoma ikitikisika hutikisa vifupa vitatu vidogo sana vilivyo nyuma yake. Vifupa hivyo hupeleka mtikisiko kwenye sikio la ndani, kwenye kiungo kilichojikunja mfano wa nyumba ya konokono. Humo kuna maji, na ndani ya maji hayo zimepangwa chembe hai zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Chembe hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara ambazo ubongo unazitambua kuwa ni maneno, adhana au sauti ya mama.

Sauti kubwa huzilaza chembe hizo kama upepo unavyolaza mpunga. Zikipumzika huinuka tena. Ndiyo maana mtu akitoka kwenye sherehe yenye spika kubwa masikio huziba, kesho yake yakazibuka. Lakini zikilazwa kila siku bila kupumzika, hufa. Na chembe hizi kwa mwanadamu hazioti tena. Ngozi ikichubuka huota. Mfupa ukivunjika huunga. Chembe za sikio hazina spea.

Zinazotangulia kuumia aghalabu ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Katika lugha, sauti nyembamba ndizo zinazobeba herufi kama s, sh, f na th. Ndiyo maana mtu aliyeanza kuharibika masikio husema, "Nakusikia lakini sikuelewi." Anasikia mvumo wa sauti, ila hawezi kupambanua "sita" na "fika". Kwa anayejifunza tajwidi, ambayo yote imejengwa juu ya kupambanua matamshi, hasara hii ni kubwa mno.

Shirika la Afya Duniani (WHO) katika ripoti yake ya mwaka 2021 lilisema kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa njia zisizo salama. Kipimo chake kinatumia desibeli. Kwa mtu mzima, sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa hadi saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi 90, saa zinashuka hadi 4 tu kwa wiki. Ikifika 100, ni dakika 20 kwa wiki nzima. Na simu nyingi zikifunguliwa sauti hadi mwisho hufika huko kwenye 100 na kuendelea. Sasa piga hesabu ya yule kijana wa karakana, siku sita kwa wiki.

Kwa nini watu hupandisha sauti

Hapa ndipo maoni yangu yanapoanza kuhusiana na ununuzi. Wengi wanadhani vijana hupandisha sauti kwa sababu ya ukaidi. Mimi naona sababu kubwa ni nyingine. Wanapandisha kwa sababu wanashindana na kelele, na kidude walichonunua hakizuii kelele hata kidogo.

Mji wetu una kelele. Panda daladala kutoka mjini kwenda Igoma au Buhongwa: injini inaunguruma, konda anagonga bati, redio ya dereva nayo ipo. Panda feri ya Kamanga au meli ya usiku kwenda Bukoba, ukae karibu na injini. Nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi wakati dagaa wanashushwa. Kaa mlangoni kwa msaga nafaka. Katika mazingira hayo, iafoni ya plastiki ngumu isiyokaa vizuri sikioni inaingiza kelele yote ya nje. Mtu anaongeza sauti, kelele inaongezeka, anaongeza tena, hadi mwisho.

Kwa hiyo swali la kwanza unaponunua lisiwe "ina bezi?" Swali liwe "inaziba kelele kiasi gani?" Iafoni au hedifoni inayoziba vizuri inakuwezesha kusikia maneno yote sauti ikiwa nusu tu. Isiyoziba inakulazimisha ujidhuru. Huo kwa maoni yangu ndio msingi wa jambo zima. Kukaa vizuri sikioni ni starehe, na pia ni kinga.

Hesabu ya kitu rahisi

Watu wengi wataniambia, "Ndugu, sisi hatuna fedha za vitu vya gharama." Hata mimi sina. Lakini tuketi tupige hesabu pamoja.

Chukua ile ya shilingi 3,000. Tuseme inadumu mwezi mmoja na nusu kabla upande mmoja haujakufa. Kwa mwaka utanunua 8, ambazo ni shilingi 24,000. Kwa miaka mitatu ni shilingi 72,000. Sasa chukua hedifoni ya waya iliyotengenezwa vizuri, tuseme shilingi 30,000. Ikiharibika waya mara mbili katika miaka mitatu, na kila mara ukampa fundi shilingi 5,000, jumla ni 40,000. Umebakiwa na shilingi 32,000 mfukoni, na masikio yako yamepumzika.

Tatizo la maskini si kwamba hajui hesabu hii. Tatizo ni kwamba 3,000 anayo leo na 30,000 hana. Ushauri wangu ni kuweka kidogo kidogo. Shilingi 1,000 kila siku mbili inafikisha 30,000 ndani ya miezi miwili. Wakati huo vumilia bila kidude chochote. Hakuna aliyekufa kwa kukosa iafoni miezi miwili. Na kama bajeti yako haivuki shilingi 10,000 au 15,000, bado kuna za kuchomeka za waya ambazo ni imara, mradi ujue kuzikagua.

Aina na nani zinamfaa

Vidude hivi si vipya. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja wa jimbo la Utah, Nathaniel Baldwin, alitengeneza hedifoni kwa mikono yake jikoni kwake, na Jeshi la Majini la Marekani likazinunua kwa ajili ya wapokeaji wa redio za melini. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japan ilileta Walkman, na hedifoni nyepesi zikaingia barabarani. Tangu hapo maumbo yamebaki hasa matatu.

La kwanza ni ile ya plastiki ngumu inayotundikwa kwenye mlango wa sikio. Ni nyepesi, lakini haizibi kelele na huwaumiza wenye masikio madogo. Hii siipendekezi kwa mtu anayesafiri au kufanya kazi penye kelele. Inafaa chumbani tu, penye utulivu.

La pili ni ile ya kuchomeka ndani yenye vimpira laini. Inaziba vizuri endapo kimpira kinalingana na tundu lako. Ndani ya boksi huwa kuna vimpira vya ukubwa mbalimbali, kwa kawaida vitatu. Wengi huvitupa. Usivitupe, vijaribu vyote. Tena masikio mawili ya mtu mmoja si lazima yalingane. Huenda kushoto ukahitaji kidogo na kulia cha kati. Ubaya wake ni joto na unyevu, na huisukuma nta ya sikio ndani.

La tatu ni hedifoni ya kufunika sikio lote kwa sponji. Hii kwa maoni yangu ndiyo bora kwa mwanafunzi anayesoma saa nyingi, na kwa nyumbani. Haiingii ndani ya sikio, nta haisukumwi, na uzito unabebwa na kichwa. Ubaya wake ni jasho, hasa miezi ya joto, na haikunjiki kirahisi.

Dada zetu wanaovaa hijabu wana jambo la kuzingatia zaidi. Hedifoni ikivaliwa juu ya mtandio huteleza, na kitambaa hufifiza sauti, hivyo mtu hupandisha. Kwao ya kuchomeka yenye vimpira, ikivaliwa chini ya mtandio, inafaa zaidi nje ya nyumba, kwa sharti la kuitoa mara kwa mara ili sikio lipate hewa. Kwa mwenye kofia, ukanda wa hedifoni hauna tatizo. Mwenye miwani ajaribu hedifoni akiwa na miwani yake usoni, kwani sponji ngumu hukandamiza fito za miwani na kuleta maumivu ya kichwa.

Vya kukagua dukani

Kabla hujatoa fedha, ndugu msomaji, fanya haya. Muuzaji mwaminifu hatakukataza.

Kwanza, vaa kwa dakika kumi. Dakika moja haitoshi. Endelea kuzungumza na muuzaji, geuza kichwa, inama kama unayefunga viatu. Ikiwa inauma ndani ya dakika kumi, itakutesa ndani ya saa moja.

Pili, jaribu kwa sauti ya mtu anayezungumza, usijaribu kwa muziki. Muuzaji atakuwekea wimbo wenye bezi nzito ili uone ni kitu kikubwa. Mwambie akuwekee mawaidha au taarifa ya habari, sauti ikiwa nusu. Kama unasikia kila neno hapo dukani penye kelele za barabara, hicho ni kitu kizuri. Kama unasikia "dum dum" na maneno yanamezwa, kirudishe.

Tatu, kagua waya mahali unapoingia kwenye pini, na mahali unapoingia kwenye kila upande wa sikio. Hapo ndipo waya hukatikia. Panatakiwa pawe na mpira mrefu unaopinda taratibu. Wakati sauti inatoka, tikisa waya hapo. Ikikatika na kurudi, achana nayo. Pini iliyopinda kama herufi L hudumu zaidi mfukoni kuliko iliyonyooka.

Nne, uliza kama waya unachomoka upande wa hedifoni. Waya unaochomoka ukiharibika unanunua waya tu. Uliza pia kama sponji zake zinabadilishwa. Sponji huchanika kabla ya spika kufa, na kitu kisichobadilishwa sponji ni kitu cha kutupa.

Tano, kunja na kunjua ukanda mara kadhaa. Ukanda wenye bati jembamba la chuma ndani yake hudumu kuliko wa plastiki tupu.

Sita, hakikisha simu yako ina tundu la pini ya duara ya milimita 3.5. Simu nyingi mpya hazina tena, na utahitaji kiunganishi. Ijaribu kwa simu yako mwenyewe, usitegemee ya muuzaji.

Saba, dai risiti na muda wa dhamana, hata kama ni wiki mbili. Usidanganywe na jina kubwa lililoandikwa kwenye boksi kwa bei ya kutupa. Mnakumbuka Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu bandia, watu wengi waliamka simu zao zimekufa. Iafoni bandia haina wa kuizima. Inakufa yenyewe, au inabaki hai na kukuumiza.

Yenye waya au isiyo na waya?

Vijana wengi siku hizi wanataka za bluututhi. Sizikatazi. Hazinasi kwenye nguo na hazikatiki waya. Lakini kwa mwenye bajeti ndogo anayetaka kitu cha kudumu, mimi nasema chukua ya waya. Sababu ni betri. Kila betri ya aina hii hupungua nguvu kadiri inavyochajiwa, na zile ndogo za kuchomeka zimeshindiliwa ndani kiasi kwamba mafundi wengi hawawezi kuzibadilisha. Betri ikifa, kidude kizima kimekufa hata kama spika yake ni nzima. Tena zile ndogo hudondoka. Moja ikianguka ukiwa juu ya bodaboda, umebaki na nusu.

Ya waya inatengenezeka. Fundi simu yeyote mwenye kifaa cha kuchomea anaweza kukata waya palipoharibika na kuweka pini mpya. Hilo ndilo linalonifanya niipendelee. Kwa watu wa kipato kama chetu, sifa ya kwanza ya kitu cha kudumu ni kwamba kikiharibika kinatengenezeka hapa hapa mtaani.

Usafi wake

Sasa tuje kwenye usafi. Usiazimishane iafoni za kuchomeka. Tunakataza watoto kuazimana miswaki, lakini utaona watu wawili ndani ya basi la kwenda Dar es Salaam wamegawana iafoni moja, kila mtu na upande wake. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo katika safari moja ndefu. Siku chache baadaye sikio lilianza kuwasha, likavimba, likatoa majimaji. Siwezi kuapa kwamba ni iafoni ile, lakini tangu siku ile sijamwazima mtu wala sijaazimwa.

Sikio lenye unyevu na lililozibwa ni shamba zuri la bakteria na fangasi. Sisi wa kandokando ya ziwa tunaoga na kuogelea, na tunatia udhu mara kadhaa kwa siku. Ukimaliza, kausha masikio kwa kitambaa safi na uyaache yapate hewa kabla ya kuchomeka kitu.

Kila wiki vua vimpira, vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, vikauke kabisa ndipo uvirudishe. Kile kiwavu kidogo cha spika kisuguliwe kwa mswaki mkavu na laini, tundu likielekea chini ili uchafu udondoke. Usikiloweshe. Sponji za hedifoni zipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo baada ya kuvaliwa na jasho. Tafuta kijaluba au kifuko cha kitambaa cha kuhifadhia, maana mfukoni ndiko waya hukatika na ndiko uchafu unakotoka. Zungusha waya taratibu kwa duara kubwa, usiufunge fundo wala kuuzungushia simu.

Ama nta ya sikio, usiichokonoe kwa njiti ya kiberiti, pini ya nywele wala kijiti cha pamba. Nta ni kinga na hutoka yenyewe. Ikiziba, au sikio likiuma, likitoa usaha, au likianza kulia mlio usiokoma, nenda ukapimwe. Hospitali ya Rufaa Bugando ina madaktari wa masikio, pua na koo. Usisubiri hadi watu waanze kukupigia kelele.

Mahali ambapo hakuna hedifoni nzuri

Kuna mahali ambapo hedifoni hata ya shilingi milioni moja ni mbaya. Kwanza ni juu ya pikipiki na baiskeli. Dereva wa bodaboda aliyeziba masikio yote mawili hasikii honi ya lori nyuma yake, na abiria wake hana habari. Ewe abiria, una haki ya kumwambia avue au ushuke.

Pili ni ziwani. Ndugu zetu wanaovua dagaa usiku kwa taa hukaa majini saa nyingi, na redio au simu huwaondolea usingizi. Lakini ziwani sikio ni macho ya pili. Upepo unaobadilika, mtumbwi mwingine usio na taa, mwenzako anayeita kwa kuwa ameteleza, yote hayo husikika kabla ya kuonekana. Sikilizeni kwa spika ndogo ya simu, masikio yawe wazi.

Tatu ni karakana na viwandani, kama yule kijana wetu. Penye mashine zinazonguruma, kinachotakiwa ni kizibo cha masikio au kinga maalumu ya kelele. Mwajiri anayempa fundi miwani ya kuchomelea ampe pia kinga ya masikio. Kuongeza muziki juu ya kelele ni kumwaga mafuta ya taa juu ya moto.

Neno kwa wazazi na walimu

Wazazi, mnapomnunulia mtoto hedifoni, wekeni pia kanuni: sauti isipite asilimia 60, na kila baada ya saa moja avue apumzike. Simu nyingi zina mpangilio wa kuzuia sauti isivuke kiwango. Ufungueni leo hii pamoja na mtoto. Kipimo chepesi ni hiki: msimame umbali wa mkono mmoja kutoka kwake akiwa amevaa. Mkisikia kinachosomwa ndani ya hedifoni yake, au asipowasikia mkimwita kwa sauti ya kawaida, sauti imezidi. Asilale nayo masikioni. Kipimo cha WHO kwa mtoto ni kikali zaidi kuliko cha mtu mzima: desibeli 75 kwa saa 40 za wiki.

Walimu wa shule na madrasa, mtoto akirudiarudia kosa lile lile la matamshi, msianze na fimbo wala kemeo. Anzeni kumuuliza kama anasikia. Msimamisheni nyuma yenu asione midomo yenu, mseme maneno machache kwa sauti ya chini, arudie. Dakika mbili tu zinaweza kumwepusha na miaka ya kuitwa mzembe.

Na wewe muuzaji, unamjua mteja wako. Unajua ipi ni feki na ipi ni nzima. Mwambie ukweli, umwache achague. Kumuuzia mtu kitu unachojua hakitafika mwezi, ukamwapia kuwa ni orijino, ni dhulma.

Yule kijana wa mtaani kwetu bado yupo. Siku hizi anavaa vizibo vya masikio akiwa kazini, na ustadhi amemweka safu ya mbele ili aone midomo yake vizuri. Anasoma, taratibu, kwa kukaza macho pale ambapo wenzake wanatumia masikio. Huenda shilingi 30,000 na ushauri wa mtu mmoja vingemwepusha na hayo.

Kusikia ni amana. Tuitunze ingali mikononi mwetu.